Mchanga wa Kumzikia Mnyamwezi

Kwa miaka sita mizima niliamini kwamba mchanga wa msitu mmoja wa serikali, ulioko mwendo wa saa moja na nusu mashariki ya Toronto, uliletwa kwa meli kutoka Tabora.

Najua Tabora haina bahari. Hata siku ile nilijua, maana nimezaliwa Kisarawe nikakulia Temeke, na bahari naifahamu ilipo. Lakini aliyeniambia alikuwa na jibu la kila swali. Mchanga ulipakiwa kwenye mabehewa, akasema, ukashuka kwa reli ya kati mpaka bandari ya Dar es Salaam. Zamani meli za Kanada zilikuwa zinapeleka ngano Afrika, na wakati wa kurudi zilikuwa tupu, na meli tupu hupinduka. Kwa hiyo zikajazwa mchanga ili zitulie majini. Zilipofika huku zikaumwaga, na serikali ya huku, ambayo haitupi kitu, ikaupandia misonobari.

Sasa hapo kuna nini kisichoeleweka? Mimi nilielewa mara moja. Wiki ya pili, nilipowasimulia wenzangu katika ghala la mboga za kugandishwa ninakofanya kazi, tayari babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa makuli walioupakia mchanga ule. Wiki ya nne babu alikuwa msimamizi wao. Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa namwona kabisa, na filimbi yake shingoni, ingawa babu yangu wa kweli aliuza nazi na hakuwahi kusimamia hata kuku.

Wala usidhani mimi ni mtu ambaye hakusoma. Nina cheti cha sekondari nilichokipata hapa hapa Toronto katika shule ya usiku, nikiwa na miaka arobaini na tatu. Kimo ndani ya fremu, kinaning'inia sebuleni mahali ambapo hata fundi bomba hawezi kufika jikoni bila kukisoma. Jiografia nilifaulu. Siku mwalimu alipofundisha udongo wa jimbo hili la Ontario nilikuwa nimelala juu ya dawati, maana zamu yangu ilianza alfajiri, na kwenye mtihani swali la udongo nililiruka.

Aliyenipa habari ile ya mchanga alikuwa Mnyamwezi, nami ni Mzaramo, na hawa wawili ni watani. Wanaosimulia husema utani wetu ulianza enzi za misafara, Wanyamwezi walipofika pwani na mizigo vichwani wakatukuta Wazaramo tumekaa kivulini tunapiga ngoma. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na wewe huruhusiwi kununa. Anaingia jikoni kwako na kufunua sufuria. Na ukifa, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kufanya mzaha msibani: atavaa nguo zako, ataigiza mwendo wako, atazuia jeneza lako njiani mpaka apewe chake. Watu wengine wote wanalia. Mtani kazi yake ni kuwachekesha wanaolia. Nyumbani kila mtu ana watani wa kumtosha na kubaki. Toronto mimi nilikuwa na mmoja.

Tulikutana kwenye sherehe ya ubatizo, katika ukumbi wa chini wa ghorofa moja kule St. James Town. Nilikuwa nimemwomba mtu pilipili. Jamaa mrefu aliyesimama mbele yangu akageuka.

"Kiswahili hicho cha wapi?"

"Cha mjini."

"Mjini wapi? Mzaramo wewe?"

"Mzaramo."

Akaninyang'anya sahani ya pilau, akaanza kula.

"Nimekutafuta Kanada nzima," akasema, mdomo umejaa. "Mtumwa wangu, ulikuwa umejificha wapi?"

"Nilikuwa natafuta wa kunibebea mizigo," nikamjibu. "Nikaambiwa nisubiri, Mnyamwezi anakuja kwa miguu."

Wakenya wawili waliokuwa kando yetu waliweka sahani zao chini ili watuamue. Walipoona tunakumbatiana, mmoja akasema Watanzania ni watu wa ajabu, akarudi kwenye kuku wake.

Mtani wangu alikuwa fundi magari katika gereji moja karibu na Lawrence Heights. Kwao, kabla hajaja huku, aliendesha lori la tumbaku na asali kutoka Sikonge mpaka Tabora mjini, siku nyingine akilala porini kwa sababu gari limezama mchangani. Porini ndiko alikokuwa anakukumbuka. Wengine wetu tukikumbuka nyumbani tunakumbuka watu. Yeye alikumbuka njia. Alinunua pikipiki kuukuu ya magurudumu manne, aina ile ya kupanda milima na kukata matope, ikiwa haina injini ya maana, akaitengeneza majira yote ya baridi katika kona ya gereji. Ilipounguruma akaipa jina: Mpagazi. "Ndugu yangu wa damu," alisema. "Anabeba, anakunywa, halalamiki."

Katika ule msitu wa serikali kulikuwa na njia za pikipiki kama hizo, kilomita kwa kilomita, zimechorwa kwenye ramani kwa rangi, na mtu yeyote mwenye kibali aliruhusiwa kuingia. Mimi sikutaka hata kusikia. Nilimwambia nimekimbia matope ya Temeke siwezi kulipia matope ya Kanada.

Kisha mama yangu akafariki.

Ilikuwa mwezi wa tano. Nilikuwa ghalani, simu iko kwenye kabati la nguo, kwa kuwa kule ndani haturuhusiwi kuingia nayo. Nilipotoka zamu nikakuta ujumbe kumi na saba, na wa kwanza ulisema mama amezidiwa, na wa mwisho ulisema tumeshamzika, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sisi Waislamu hatuchelewi kuzika. Katika zamu moja ya kupanga maboksi ya mbaazi mama yangu aliumwa, akafa, akaoshwa, akaswaliwa, akafukiwa, na mimi nikatoka nikiwa na barafu kwenye nyusi. Kusafiri sikuweza hata kama angesubiriwa. Karatasi zangu zilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, na ukitoka bila karatasi, kurudi ni bahati.

Mimi ni mtu wa maneno mengi, hilo ulishaliona. Zile siku sikuwa na hata moja. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikakaa kwenye kochi na koti mwilini. Watu wa msikitini walikuja na chakula, nikawashukuru, nikakiweka kwenye friji, kikajaa, nikafunga mlango wa friji. Ningeweza kusema sikula kwa mwezi mzima, ila nimejizuia: zilikuwa siku sita.

Siku ya saba, Jumamosi asubuhi, mtani wangu akagonga mlango kwa kiatu.

"Mzaramo! Amka, tunakwenda porini."

"Niache."

"Nikuache uende wapi? Wazaramo mnajua kucheza ngoma, kulia hamjui. Unalia kama mtu anayetafuta ufunguo. Vaa buti."

Alinivalisha yeye mwenyewe. Nakumbuka alivyopiga magoti kwenye kapeti yangu akifunga kamba za buti zake kubwa miguuni mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema kitu cha kuudhi.

Tulikwenda na pikapu ya gereji, Mpagazi amefungwa nyuma kwenye tela. Tulipovuka mji wa Oshawa barabara ikaanza kupungua magari, mashamba yakaja, kisha misonobari. Langoni alikuwepo mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe na fulana ya rangi ya chungwa, akakagua kibali, akatuonyesha bango la sheria. Nililisoma lote kwa sauti, kwa kuwa wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shule ya usiku na sikupitisha maandishi bila kuyasoma. Usitoke nje ya njia. Usiwashe moto. Usichukue mmea, jiwe wala udongo. Osha magurudumu kabla ya kuondoka, mbegu za magugu zisisafiri kwenda kwingine.

Nilipanda nyuma yake. Misonobari ile imepandwa na watu, kwa hiyo imesimama mistari, na ukipita mbio unaona mistari inafunguka na kufunga kama vile msitu unapumua. Njia ilikuwa ya mchanga. Mpagazi alipanda kilima, akashuka, akaingia dimbwi, na maji yakaruka yakaniingia mdomoni, na mtani wangu alikuwa anapiga kelele za furaha kama mtu anayewafukuza ndege shambani. Nadhani tulikwenda kwa kasi ya ndege ya abiria. Yeye alisema ilikuwa kilomita ishirini na tano kwa saa.

Mahali njia inapopinda akazima injini. Kimya. Akachota mchanga kwa mkono, akanifungulia kiganja changu, akaumimina.

"Unaujua huu?"

"Mchanga."

"Mchanga wa wapi?"

"Wa hapa."

"Wa hapa!" Akatikisa kichwa kwa huruma kubwa, kama ninavyotikisiwa na watu wa benki. "Na wewe unasoma shule? Huu ni wa Tabora."

Hapo ndipo aliponieleza habari ya mabehewa na meli na ngano, uso umekauka kabisa, jicho halipepesi. Alinionyesha rangi yake. Aliunusa, akaninusisha. Na mimi, nilikuwa na nini cha kupinga? Ulinukia kama mchanga uliopigwa jua, na mchanga uliopigwa jua ndio harufu ya uani kwa mama yangu.

"Umepita bandari ya kwenu," akasema. "Wazaramo wameushika kwa mikono yao. Mama yako hukumtia mchanga. Mtie hapa."

Alichimba shimo dogo kwa bisibisi chini ya msonobari, kando kabisa ya njia. Nikachuchumaa. Kwa desturi yetu, anayezika humtia maiti mchanga mara tatu kwa mikono. Nikachota mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nikisema yale maneno yanayosemwa. Mtani wangu Mkatoliki alikuwa amesimama nyuma yangu, kavua helmeti, kaishika kifuani kama sahani ya sadaka. Baadaye nililia, safari hii nikilia vizuri. Aliniacha mpaka nikamaliza, kisha akatoa mkate na mayai ya kuchemsha, na nikala mayai manne. Ningetaka kusema kumi.

Tangu siku hiyo tulikwenda kila mwaka, majira ya kuchipua yanapoisha na njia zinapofunguliwa. Mama wa lango alituzoea. Karatasi zangu zilitoka, nikaenda Kisarawe, nikaliona kaburi lenyewe, nikaliswalia. Lakini niliporudi bado nilikwenda msituni, maana kule ndiko nilikomzika mimi. Nilijifunza kuendesha. Mtani wangu alinifundisha kusimama juu ya vikanyagio penye mashimo, kutovunja mwendo mchangani, kuliacha gurudumu litafute njia. "Usishindane na mchanga," alikuwa akisema. "Mchanga haujawahi kushindwa."

Mwaka wa tano figo zake zilianza kumsumbua. Alizificha, kama mafundi wanavyojua kuficha kelele ya injini mpaka gari liuzwe. Zilipogundulika, zilikuwa zimekwisha. Mashine ya kusafisha damu ilimshika mara tatu kwa wiki, na mtu yule aliyebeba injini kwa mikono akawa anabebwa kwenye kiti. Alikwenda hivyo mwaka na miezi. Mwezi wa tisa uliofuata akaingia hospitali na hakutoka.

Nilikuwa nakwenda kila siku baada ya zamu kumtukana. Ndiyo kazi yangu. Nilimwambia Wanyamwezi walitembea kutoka Tabora hadi pwani na yeye anashindwa kwenda chooni. Alicheka bila sauti, mabega tu.

Siku moja mkewe alikuwa amekaa upande wa dirisha, anamenya chungwa. Walikuwa wameshakubaliana, yeye na mkewe: atazikwa huku huku. Mke alitaka kaburi ambalo anaweza kulifikia kwa basi, na watoto wao, waliozaliwa hapa, wanaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, wangekwenda Tabora kufanya nini? Alikubali. Lakini nilimwona alivyogeuza uso ukutani aliposema "huku huku", na moyo wangu ukaniuma.

"Sikiliza, mbebaji," nikamwambia. "Usijali udongo wa watu. Mimi ni mtani wako. Nitakuletea wa kwenu."

"Wa kwetu wapi?"

"Wa msituni. Mchanga wa Tabora. Nitakuzika nao."

Alinitazama muda mrefu. Akamtazama mkewe. Mkewe aliacha kumenya, akatazama nje dirishani, kwenye maegesho ya magari, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. Mtani wangu akanishika kidole kimoja, maana mkono mzima haukuwa na nguvu.

"Lete," akasema. "Lete, Mzaramo. Usichelewe."

Alifariki Jumanne, mwezi wa kumi, majani yakiwa mekundu. Mazishi yakapangwa Jumamosi.

Alhamisi nikaomba ruhusa ghalani, nikachukua pikapu ya gereji na tela, nikaenda peke yangu. Njiani ndipo nilipolikumbuka bango. Usichukue mmea, jiwe wala udongo. Mimi ni mwoga wa sheria kuliko sungura. Mtu akisubiri karatasi miaka mingi, hata taa nyekundu ya waenda kwa miguu inamtetemesha. Ningejaza ndoo mle ndani, nikakamatwa, ningeeleza nini? Lakini nilipofika langoni akili ya shule ya usiku ikafanya kazi. Bango lilikataza kuchukua udongo. Halikukataza kuchafuka.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nilimpanda Mpagazi, nikatafuta kila dimbwi lililoko kwenye ramani. Penye njia mbili, moja kavu na moja ya tope, nilichukua ya tope. Nilipita dimbwi, nikageuka, nikalipita tena. Niliviringisha magurudumu mpaka yakarusha tope mgongoni kwangu. Nilijaza mifuko ya koti kwa kuanguka kwa makusudi, upande huu na upande huu. Vijana wenye mashine mpya zinazong'aa walisimama kunipisha, wakanitazama Mwafrika mzima anayelia ndani ya helmeti na kujigaragaza katika njia ya umma. Pale kwenye kona, penye msonobari wa mama yangu, nilishuka nikakanyaga kanyaga mpaka buti zikawa nzito kama matofali. Zilikuwa buti za mtani wangu.

Jioni haijaingia nikarudi langoni. Mama wa nywele nyeupe alikuwa amesimama na mpira wa maji mkononi.

"Bwana," akasema, "leo umeoga tope."

"Naomba usinioshe."

"Ni sheria. Mbegu."

Kiingereza changu, na cheti chake chote, kilinikimbia. Nikasema tu, "Rafiki yangu."

"Yule mrefu? Anayecheka?"

"Amefariki. Juzi."

Maji yalikuwa yanamwagika juu ya buti zake mwenyewe, hakuyaona.

"Na tope?"

"Ni lake. La kwao. Jumamosi tunamzika."

Hakuelewa, angeelewaje? Alinitazama kuanzia kichwani mpaka chini, akamtazama Mpagazi. Kisha akaenda kwenye bomba, akalifunga.

"Funika turubai," akasema. "Na usiniambie unalipeleka wapi."

Ninakoishi ni ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Jane na Finch. Nilimkwangua Mpagazi kwenye maegesho ya chini kwa mwiko wa ugali, nikapanda lifti nikiwa nadondosha nchi. Nilivua nguo ndani ya beseni la kuogea, nikazisuuza, nikaacha maji yatuame, nikayamwaga polepole, nikakusanya kilichobaki. Nikakikausha kwenye sinia za kuokea, ndani ya jiko la umeme, moto mdogo. Nyumba nzima ikanukia uani kwa mama. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimeleta tani mbili. Kwa hesabu ya ndoo ya rangi niliyoutia, ilikuwa nusu ndoo.

Jumamosi nilivaa ovaroli yake ya gereji. Mkewe ndiye aliyenipa, akaniambia, "Shemeji, fanya kazi yako." Jeneza lilipotolewa kwenye gari makaburini, nikasimama katikati ya njia nikanyoosha mikono.

"Simama! Huyu hapiti!"

Mabwana wa kampuni ya mazishi, wenye glavu nyeusi, walishtuka. Mmoja aliingiza mkono mfukoni kutafuta simu. Wazee wetu wakamtuliza.

"Mnyamwezi!" nikaliambia jeneza. "Maisha yako yote umejisifu unajua kubeba. Leo nani kambeba nani? Watu sita! Sita, kwa mtu mmoja asiyekuwa hata na kifurushi! Huoni aibu? Shuka ujibebe!"

Watu wakacheka. Wanawake waliokuwa wameishiwa machozi walicheka wakishikana, na baba mmoja akapiga goti lake kwa kofia. Nilikuwa nimeandaa matusi ya nusu saa. Nilifungua mdomo niendelee na matusi hayakuwepo, ilikuja sauti nyingine tu, ambayo siwezi kuiandika. Mjane akasogea, akatoa kofia ya mumewe, ile yenye mafuta ya gari, akanivalisha kichwani. Hayo ndiyo yalikuwa malipo yangu. Nikawapisha.

Kaburini walikuwa wamefunika udongo kwa mazulia ya plastiki ya kijani, yenye majani ya bandia, ili mtu asiuone, kana kwamba udongo ni jambo la aibu. Hiyo ndiyo desturi ya huku: unaondoka, na kazi ya kufukia inafanywa nyuma yako na mashine. Padri alipomaliza nikasogea na ndoo yangu. Sikumwuliza mtu. Nikamtia mchanga wa kwao kwa mikono, si mara tatu, nilimtia wote, na ule uliobaki kwenye pembe za ndoo nikaufuta kwa kidole. Ulipiga mbao kwa sauti ndogo, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Nikajisemea, haya, umelala kwenu. Nilirudi nyumbani nikalala kama mtu aliyelipa.

Majira ya baridi ardhi ikaganda, majira ya kuchipua ikayeyuka, na kaburi likatitia. Nilikwenda mwezi wa nne nikakuta limekuwa kama sahani, maji yamesimama. Moyo ukaniambia nusu ndoo haikutosha. Njia zilipofunguliwa tu, nikampakia Mpagazi.

Nilitaka tope jingi kuliko mara ya kwanza. Nilikipanda kilima kirefu ambacho tulizoea kukizunguka, na katikati ya kilima nikaogopa, nikavunja mwendo, nikashindana na mchanga. Mpagazi alikwenda upande, mimi nikaenda upande, kisha yeye akaja upande wangu. Mfupa wa bega ulivunjika mahali pawili. Nililala pale nikitazama misonobari mpaka vijana wa mashine za kung'aa waliponikuta, na mama wa lango akaja na gari la msaada, akakaa nami kwenye majani huku akinishikia shingo isigeuke.

Siku ya tatu mjane alikuja nyumbani, amebeba bakuli la ugali na mlenda na kifuko cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo dada yake humtumia kutoka Tabora. Alipita mbele ya cheti changu bila kukitazama. Akanikatia tonge, kwa kuwa mkono wangu wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani.

"Ulikwenda kufanya nini kule peke yako, shemeji?"

"Kaburi limetitia. Nilitaka kumwongezea mchanga wake."

Akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Usiende tena."

"Bega likipona nitakwenda taratibu. Mwaka hadi mwaka, nusu ndoo nusu ndoo, mpaka—"

"Shemeji," akasema. "Mchanga ule ni wa huku huku. Haukutoka Tabora. Alikutungia tu, siku zile ulipofiwa na mama, kwa sababu ulikuwa huli."